Ijara ya Ardhi Iliyolazwa

Katika pembe ya magharibi kabisa ya jimbo la Oklahoma ipo kaunti iitwayo Cimarron, ambayo ndiyo peke yake katika Marekani nzima iliyopakana na majimbo manne mengine, yaani Kansas, Colorado, New Mexico na Texas. Na makao ya utawala wake ni mji mdogo wa Boise City, usio na bandari, wala mgodi, wala kiwanda cha kutajika, bali ambao umeishi tangu kuasisiwa kwake kwa ngano, kwa ng'ombe, na, kwa muda wa miaka ipatayo tisini sasa, kwa fedha ambazo serikali ya Washington huwapelekea wenye mashamba ili udongo wao usichukuliwe na upepo. Tarehe ya fedha hizo ndiyo nitakayo kuieleza, kwa sababu naona kwamba ndani yake limo jambo ambalo wakulima wa Ukambani, wa Murang'a na wa Uluguru walistahili kutendewa katika zama zile zile na wasitendewe, nalo ni kwamba mtu akitakiwa ailaze ardhi yake kwa manufaa ya umma, basi umma nao una wajibu wa kumlisha siku ambazo ardhi hiyo imelala.

Kabla ya kuja wakulima, nyanda zile zilifunikwa na nyasi fupi ambazo mizizi yake ilikuwa imesukana chini ya ardhi kama ukili wa mkeka, na juu yake walilisha nyati wasiohesabika, na Wacomanche na Wakiowa wakawawinda kwa vizazi vingi, mpaka wawindaji wa ngozi walipowamaliza wanyama na jeshi la Marekani likawahamisha watu. Hata mwaka 1890 eneo lile halikuwa chini ya jimbo lolote, wala halikuwa na mahakama wala hati za kumiliki ardhi. Mwaka ule ndipo lilipotiwa katika himaya ya Oklahoma, na mwaka 1907, Oklahoma ilipokuwa jimbo kamili, ndipo kaunti ya Cimarron ilipozaliwa. Walowezi walioingia humo aghalabu walikuwa maskini waliochoka kulima mashamba ya wengine, ambao kwao kipande cha ardhi chenye jina lao kilikuwa heshima waliyoiwaza tangu utotoni, na si haki kuwaita watu hao waharibifu pasipo kwanza kutazama ni nani aliyewahimiza. Mwaka 1909 Idara ya Udongo ya serikali yao wenyewe, chini ya Milton Whitney, ilichapisha maelezo ya kuwahakikishia wananchi kwamba udongo ndiyo mali pekee ya taifa isiyoweza kumalizika wala kuharibika. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Waturuki wakafunga mlango wa bahari uliokuwa ukipitisha ngano ya Urusi, Ulaya ikalilia mkate, na serikali ikaweka bei ya zaidi ya dola 2 kwa busheli moja, huku maofisa wake wakihubiri kwamba kulima ngano ni kupigania nchi.

Basi wakalima. Trekta na plau ya visahani zikamwezesha mtu mmoja kupasua kwa siku moja nyasi ambazo babake angezipasua kwa majuma, na vita vilipokwisha na bei ikashuka, wakazidi kupasua ili wingi wa mavuno ufidie upungufu wa thamani. Wakaingia hata watu wasiokaa pale, wafanyakazi wa mijini waliokuja kupanda na kurudi kuvuna, ambao wenyeji waliwaita wakulima wa mkoba, kwa kuwa makazi yao yote yalikuwa ndani ya mkoba. Na hawa, mwaka ulipokuwa mbaya, waliliacha shamba wazi bila ya mmea na bila ya mtu. Mwaka 1931 ngano ilikubali mno, na kwa kukubali huko bei ikaanguka chini ya senti 40, hata kila gunia lililopelekwa kituo cha reli likawa ni hasara. Ndipo mvua ikakoma.

Yaliyofuata yameelezwa na wengi, nami nitataja machache tu, kwa kuwa pasipo kuyaona kwa karibu haifahamiki kwa nini taifa lililojisifia uhuru wa kila mtu juu ya milki yake lilikubali kumlipa mtu asilime. Mama wa nyumbani alilowesha mashuka akayatundika madirishani, akaziacha sahani zimefunikwa kifudifudi mezani hata dakika ya kupakua, na asubuhi yake akaukuta mto wa kulalia umejaa vumbi pote isipokuwa pale kichwa kilipokuwa. Magari yaliburura minyororo chini kwa ajili ya umeme uliokusanyika katika hewa kavu. Ng'ombe waliokufa walipopasuliwa walikutwa na mchanga matumboni, na watoto na wazee wakashikwa na maradhi ya mapafu yaliyoitwa nimonia ya vumbi. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 lilikuja wingu jeusi kutoka kaskazini, likageuza alasiri kuwa usiku, na mwandishi wa habari Robert Geiger, aliyekutwa na wingu hilo barabarani karibu na Boise City, aliandika siku ya pili yake habari ambayo ndani yake nchi ile iliitwa Bakuli la Vumbi, jina lililodumu hata leo. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1936, mpiga picha wa serikali Arthur Rothstein alipiga katika kaunti hii hii ya Cimarron ile picha inayojulikana duniani kote, ya baba na wanawe wawili wakienda mbio kukabili upepo, mdogo wao akiwa nyuma na mkono wake usoni, na kando yao kibanda kilichozikwa nusu na mchanga. Hesabu ya watu ya 1930 ilikuta katika kaunti hiyo nafsi 5,408. Ya 1940 ikakuta 3,654. Watu husoma tarakimu hizo wakastaajabia walioondoka, lakini mimi nastaajabia zaidi hao theluthi mbili waliobaki, na naona kwamba hundi za serikali zilikuwa na sehemu katika kubaki kwao.

Aliyewafanya watawala walione vumbi lile kuwa ni jambo lao alikuwa Hugh Hammond Bennett, mtoto wa mkulima wa pamba kutoka kaunti ya Anson katika Carolina ya Kaskazini. Mwaka 1905, akiwa kijana anayepima udongo katika kaunti ya Louisa huko Virginia, alilinganisha udongo wa msitu usioguswa na ule wa shamba lililokuwa bega kwa bega nao, akatambua kwamba shamba lile limepoteza ngozi yake ya juu kidogo kidogo, mvua kwa mvua, pasipo mwenyewe kujua. Akalisema jambo hilo miaka zaidi ya ishirini kabla ya kusikilizwa, na mwaka 1928 akatoa kijitabu kilichoutaja mmomonyoko wa udongo kuwa hatari ya taifa zima. Mei 1934 vumbi la nyanda za kati lilifika Chicago, New York na Washington, likaangukia hata meli zilizokuwa baharini. Na inasimuliwa kwamba katika majira ya kuchipua ya 1935 Bennett, akitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti na akijua kwamba tufani nyingine iko njiani, aliyarefusha maelezo yake makusudi mpaka mbingu ya madirishani ikaingia giza na waheshimiwa wakainuka kutazama. Tarehe 27 Aprili 1935 sheria ya kuhifadhi udongo ilitiwa saini, na Bennett akawa mkuu wa idara mpya iliyosimamishwa kwa ajili hiyo.

Walakini asili ya malipo yenyewe haikuwa huruma kwa udongo, na yafaa tusiifiche. Mei 1933, kabla ya Bennett kusikilizwa, serikali ya Roosevelt ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kuwalipa wakulima wapunguze kilimo ili bei ipande, na fedha hizo zilitoka katika kodi iliyotozwa viwanda vya kusaga nafaka na kusokota pamba. Tarehe 6 Januari 1936 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria hiyo, ikasema serikali kuu haina mamlaka ya kununua utii wa mkulima kwa kodi ya namna ile; na mawaziri, wakiwa na mikataba mamilioni mikononi na wakulima waliokwisha kuzitegemea hundi zao, walitafuta njia nyingine kwa haraka, nayo wakaiona katika neno la Bennett. Kabla ya miezi miwili kutimia, tarehe 29 Februari, ilipita sheria iliyosema kwamba mkulima hatalipwa tena kwa kupunguza ngano, bali atalipwa kwa kuhamisha ekari zake kutoka mazao yanayodhoofisha udongo kwenda mazao yanayoujenga. Kwa bahati njema kwa serikali, mazao yaliyodhoofisha udongo yalikuwa ni yale yale yaliyokuwa yamezidi sokoni. Hivyo ndivyo hifadhi ya ardhi na ulinzi wa bei zilivyooana, na ndoa hiyo haijavunjika hata leo, ijapokuwa mara nyingi mmoja wa wawili hao amemdhulumu mwenzake.

Katika kaunti, utaratibu ulikuwa hivi: wakulima wenyewe walichagua kamati ya wenzao, kamati ikapokea maombi, ikatuma mpimaji kwenda shambani na mnyororo wake kuhakikisha ni ekari ngapi zimelazwa, ngapi zimepandwa mtama wa kukinga upepo na ngapi zimelimwa kwa mifereji mirefu yenye matuta iliyokingama na upepo, na mwisho wa yote hundi ikaja. Mpango wa kumfanya jirani kuwa mkaguzi wa jirani ulikuwa na busara kubwa, kwani mtu wa Boise City alilijua shamba la mwenzake kuliko karani yeyote wa mbali. Mwaka 1937 Roosevelt aliwaandikia magavana wa majimbo yote akawataka waweke wilaya za hifadhi ya udongo zenye mabaraza ya wakulima, na ya kwanza ilianzishwa tarehe 4 Agosti mwaka huo katika kaunti ya Anson, kwao Bennett.

Lakini kamati hizo hizo ziliposimama katika nchi za pamba za kusini zilikuwa ni za wenye ardhi, na wenye ardhi aghalabu walikuwa Wazungu, na hundi ya kulaza ekari ilipokuja iliandikwa jina la mwenye shamba kwa kutumainiwa kwamba atamgawia mpangaji wake. Wengi hawakugawa. Fauka ya hayo, kwa kuwa ekari zilizolazwa hazikuhitaji mikono, mwenye shamba alimfukuza mkulima wa kugawana mavuno, Mweusi kwa Mzungu, akachukua fedha za serikali akanunua trekta. Na Februari 1935, wanasheria wa wizara walipojaribu kuifasiri mikataba kwa namna ya kuwalinda wapangaji, walifukuzwa kazi wao. Wapangaji wa Arkansas, Weusi na Weupe pamoja, walikuwa wamekwisha kuanzisha chama chao katika mji wa Tyronza mnamo Julai 1934, wakapigwa na kutishwa kwa kudai sehemu yao. Dhuluma hii haikuwa kosa dogo la makarani. Ilizaliwa pamoja na mpango wenyewe, ambao ulimtambua mmiliki na haukumtambua alimaye, na athari yake ilifika mbali kiasi kwamba mwaka 1999 mahakama iliridhia suluhu ya kuwalipa fidia wakulima Weusi walionyimwa haki na ofisi za kilimo za kaunti zao.

Turudi Cimarron, ambako ardhi nyingine ilikuwa imeharibika mno hata malipo ya mwaka kwa mwaka yasitoshe. Hiyo serikali iliinunua moja kwa moja, ikaizuia isilimwe tena, ikapanda nyasi. Na sehemu yake leo ni katika Mbuga ya Taifa ya Rita Blanca, iliyopewa jina hilo rasmi mwaka 1960 na ambayo imeenea mpaka Texas. Miongoni mwa nyasi zilizosambazwa na maofisa wa hifadhi katika nyanda za kusini zimo zile ambazo wataalamu wa mimea huziita Eragrostis curvula, nyasi za mafungu zenye majani marefu yainamayo, ambazo huota upesi katika mchanga na kuushika. Mbegu zake walizozizidisha na kuzigawa zilikuwa zimechukuliwa Tanganyika. Nyika yetu, ambayo maofisa wa Kiingereza wa zama hizo waliitaja katika taarifa zao kana kwamba haijui ila kufa kwa mikono ya wenyeji wake, ilitoa mbegu ya kuponya nchi iliyouawa kwa trekta.

Na hapa sina budi kuvuka bahari, kwa sababu habari za vumbi la Marekani zilifika Nairobi na Dar es Salaam, zikawatia hofu watawala, wakaanza kuona Bakuli la Vumbi katika kila kilima cha Afrika Mashariki. Frank Stockdale, mshauri wa kilimo wa Wizara ya Makoloni, alizuru nchi hizi mwaka 1937 kwa ajili ya jambo hilo. Na Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo wa Kenya, alikwenda Marekani kujifunza kazi ya Bennett, akaandika taarifa yake mwaka 1940. Matuta yaliletwa, vipimo vya mteremko vililetwa, maneno ya hatari yaliletwa. Hundi ilibaki kule kule.

Tazama suala la mifugo. Katika ukame wa 1934 serikali ya Marekani iliwanunua ng'ombe wa kaunti zilizotangazwa kuwa za dhiki, kwa bei iliyokuwa aghalabu kati ya dola 14 na 20 kwa kichwa, na waliokonda mno wasiliwe wakapigwa risasi na kuzikwa. Nchini kote walionunuliwa wakafika zaidi ya milioni 8, na mwenye ng'ombe, ijapokuwa alilia kuwaona wakifa, alirudi nyumbani na fedha za kununulia unga. Miaka minne baadaye serikali ya Kenya iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kupita uwezo wa rizavu yao, pasipo kusema kwamba rizavu ile ilikuwa imebanwa kwa kuwa malisho ya Wakamba yalikuwa yamekatwa na kupewa walowezi. Maofisa wakawakamata ng'ombe kwa nguvu, zaidi ya elfu mbili, wakawauza kwa bei duni, wakati kiwanda kipya cha nyama huko Athi River kilikuwa kikingojea. Julai 1938 Wakamba, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi zaidi ya elfu moja, wakapiga kambi majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu, mbali na kwao. Lakini serikali ikalazimika kuuacha ule ukamataji, na ng'ombe waliosalia wakarudishwa kwa wenyewe.

Nimeuweka ukweli huu mbele kwa kuwa imekuwa desturi kusema kwamba Mwafrika alikataa hifadhi ya ardhi kwa ujinga au kwa siasa. Wanawake wa Murang'a walioacha kuchimba matuta mwaka 1947 na 1948 walikuwa wamechoshwa na kazi ya shuruti isiyo na ujira, wakati waume zao wengi walikuwa mijini na katika mashamba ya walowezi. Waluguru, ambao tangu 1950 walilazimishwa kuchonga matuta ya ngazi katika miteremko ya milima yao, waliona kwa macho yao kwamba ngazi zile zilizika udongo mzuri na kupandisha juu udongo mfu, na mahindi yakadumaa, wakayasema hayo barazani wasisikilizwe, wakatozwa faini, na Julai 1955 huko Matombo wakakusanyika kwa wingi, mawe yakatupwa, polisi wakapiga risasi na mtu akafa, na mpango wote ukaachwa. Mkulima wa Cimarron naye hakuwa na imani na wapimaji wa serikali. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kura, na hivyo alibembelezwa kwa fedha hata akajaribu, na alipojaribu na kuona faida, akaendelea.

Ukambani baadaye yalitokea mambo ya kufurahisha, ambayo yanastahili makala yao. Baada ya uhuru watu wale wale waliodhaniwa maadui wa udongo walijenga matuta ya fanya juu kwa vikundi vyao vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wakisaidiwa tangu miaka ya 1970 na zana na wataalamu wa mpango wa Kenya uliofadhiliwa na Uswidi, na milima ya Machakos, ambayo Maher aliikatia tamaa, ikavaa ngazi za mahindi na miti ya matunda, ilhali watu wake wameongezeka mara nyingi. Walijenga kwa sababu ardhi ilikuwa yao, na soko la Nairobi lililipa.

Huko Marekani mvua ilirudi na vita vya pili vikaja, bei ikapanda, na wengi wakayasahau matuta yao. Miaka ya 1950 vumbi likarudi. Mwaka 1956, katika utawala wa Eisenhower, ilitungwa sheria ya ile iliyoitwa Benki ya Udongo, ambayo kwayo mkulima aliweza kulaza ekari kwa mkataba wa miaka hata kumi, na kufikia 1960 ekari milioni 28 na zaidi zilikuwa zimelala. Lakini watunga sheria walisahau kwamba kaunti si mashamba tu. Mtu aliruhusiwa kulaza shamba lake lote, akafunga nyumba, akahamia mjini na hundi ikamfuata. Na aliyekuwa akimuuzia mbegu, aliyemtengenezea trekta, mwenye ghala la nafaka, mwalimu ambaye shule yake ilihesabiwa kwa vichwa vya watoto, wote hao hawakuandikiwa hundi. Malalamiko ya miji midogo yaliizima Benki ya Udongo, mikataba ikaisha mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1972 Urusi iliponunua nafaka kwa wingi na bei ya ngano ikapanda kutoka chini ya dola 2 hadi kupita dola 5, waziri wa kilimo Earl Butz akawahimiza wakulima walime kutoka ua hadi ua. Nyasi zilizolipiwa na umma kwa miaka kumi zikapasuliwa kwa msimu mmoja, na Februari 1977 upepo wa Colorado na New Mexico ukatuma tena vumbi hata bahari ya Atlantiki.

Mpango uliopo leo ulizaliwa kwa sheria ya Desemba 1985, na ndani yake unaonekana uzoefu wa majuto hayo. Mkulima hutaja ijara anayoitaka kwa ekari, serikali huchagua, mkataba huwa wa miaka kumi hadi kumi na mitano, nusu ya gharama ya kupanda nyasi hulipwa na hazina, na hairuhusiwi, isipokuwa kwa idhini maalumu, zaidi ya robo ya ardhi ya kilimo ya kaunti moja kulazwa kwa wakati mmoja, ili muuza mbegu naye aishi. Kikomo hicho cha robo nakihesabu kuwa ndicho kifungu chenye hekima kuliko vyote katika sheria ile, kwa kuwa ndicho kinachokiri kwamba hifadhi ya ardhi inaweza kuua mji. Ekari ziliongezeka mpaka mwaka 2007 zikafika milioni 36 na laki nane. Kisha serikali hiyo hiyo ikaamuru mahindi yageuzwe mafuta ya magari, bei ikapanda mara tatu, na kila mkataba ulipokwisha wengi hawakuurudia. Kufikia 2020 zilikuwa zimebaki ekari zipatazo milioni 22. Orodha za malipo, kaunti kwa kaunti, zimekwisha kutangazwa hadharani, na kila azisomaye huona kwamba fedha nyingi huenda kwa wenye ardhi nyingi, na kwamba wapokeaji wengine wanakaa miji ya mbali, ambako vumbi la Cimarron likivuma haliwafikii.

Kwetu nako, mnamo 2006, mashirika ya CARE na WWF yalianza katika milima ya Uluguru, upande wa Kibungo, mpango wa kuwalipa wakulima watakaochonga matuta, kupanda miti na kuacha ukanda wa nyasi kando ya vijito vinavyoingia mto Ruvu, ambao ndio uhai wa Dar es Salaam. Na walionunua huduma hiyo walikuwa shirika la maji la mji huo, DAWASCO, na kiwanda cha vinywaji cha Coca-Cola Kwanza. Mluguru ambaye nyanya yake alitozwa faini kwa kukataa tuta alilipwa sasa kwa kulichimba, kila namna ya kazi kwa kiwango chake, na wengi walikubali kwa hiari. Fedha zilikuwa kidogo kuliko jasho lililotoka. Tena lilizuka suala la daftari: katika Uluguru ardhi kwa desturi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, ilhali wanaolima kipande kimoja huweza kuwa ni mwanamke aliyerithi, mume aliyeolea hapo, na jirani aliyeazimwa kwa msimu. Karani wa malipo anataka jina moja. Wapangaji wa Tyronza walipigwa mwaka 1934 kwa ajili ya jina hilo hilo moja, na kabla ya mpango wowote mwingine wa namna hii kupelekwa mlimani, kwanza wazee wa ukoo na wanawake wenye mashamba waketi na kuliamua wao wenyewe, ndipo kalamu ishikwe.